Don Bosco na Vijana wa Gereza

Kamatanda ni karibu na Likasi, katika nchi ya shaba ya Katanga. Watoto wa huko wanaijua reli, tena wanajua habari ya vijana wanaotoka vijijini kwenda mjini kutafuta kazi. Mmoja hupata kazi, mwingine hapati. Yule asiyepata hulala sokoni; siku moja njaa inamshinda, anaiba, na askari wanamkamata. Akitoka kifungoni, nani anampokea?

Zamani, mbali sana na Katanga, padri mmoja alijiuliza neno hilo hilo. Jina lake lilikuwa Giovanni Bosco. Watu walimwita Don Bosco, kwa maana kule Italia padri huitwa Don kwa heshima.

Alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kijiji kidogo cha Becchi. Baba yake alikufa kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Mama yake, Margherita, hakujua kusoma, lakini alijua kulima na kulea. Walikuwa maskini. Giovanni alifanya kazi ya shamba kwa watu wengine, na alipokuwa mwanafunzi alijifunza kushona nguo, akafanya kazi pia kwa mhunzi. Mikono yake ilijua taabu ya kazi kabla ya kushika kalisi. Alipata upadri mwaka 1841, akaenda kukaa katika mji mkubwa wa Torino.

Torino ulikuwa mji wa kujengwa siku zile. Watoto wanaume walishuka kutoka milimani kuja kubeba mawe, kuchanganya chokaa na kufagia moshi katika mabomba ya nyumba. Wengi hawakuwa na ndugu mjini. Kazi ikiisha, hawakuwa na chakula wala pa kulala.

Padri Giuseppe Cafasso, mwalimu wake, alimpeleka kuona magereza. Don Bosco aliingia, moyo wake ukashtuka. Aliona vijana wengi wa miaka 12 hadi 18, wenye afya na akili, wamekaa bure kutwa nzima, wanaliwa na wadudu, wana njaa ya mkate na njaa ya kusikia neno jema. Wengine walifungwa pamoja na wezi wazee, na wazee hao ndio waliokuwa walimu wao. (Katika Kongo, sheria ya tarehe 10 Januari 2009 imeweka mahakama ya watoto, ili kesi zao zisichanganywe na za watu wazima.)

Basi alirudi tena na tena. Aliwafundisha dini, akawapa matunda na mkate, akakaa nao akiongea kama ndugu. Polepole akaona jambo moja lililomhuzunisha kuliko minyororo. Kijana alitubu kweli, akatoka na nia njema, na baada ya miezi michache alikuwa amerudi ndani. Kwa nini? Hakuwa mbaya kuliko wengine. Alikuwa peke yake tu. Mlango wa gereza ulifunguliwa, lakini nje hapakuwa na mtu wa kumngojea.

Don Bosco akaamua kuwa mtu huyo. Alianza kukusanya vijana siku za Dominika, wale waliotoka kifungoni na wale ambao hawajaingia bado. Walisali, wakacheza, wakajifunza kusoma na kuhesabu. Walikuwa wachache mwanzoni, kisha wakawa mamia, na majirani wakachoka na kelele. Walifukuzwa mahali pamoja baada ya pengine. Mwaka 1846 walipata banda katika mtaa wa Valdocco, na mwaka ule ule Mama Margherita aliacha nyumba yake kijijini, akaja kuwapikia.

Kazi hiyo haikuwa rahisi. Vijana wa kwanza waliopewa malazi walikimbia usiku pamoja na mablanketi! Mtu mwingine angefunga mlango. Lakini usiku mmoja wa mwezi wa Mei 1847 akaja yatima mmoja, amelowa mvua. Alikuwa amekuja mjini kutafuta kazi ya kujenga, na fedha zake zilikuwa zimekwisha. Mama Margherita alimpa supu na mkate. Aliogopa kidogo, asije akaondoka na masufuria. Hata hivyo alipanga matofali na mbao jikoni, akamtandikia kitanda. Nyumba kubwa ya yatima ya Valdocco ilianza na kitanda kile.

Don Bosco aliona pia kwamba sala na supu hazitoshi. Kijana asiye na ufundi atarudi njiani. Aliwatafutia mabwana wa kazi, naye hakutosheka na maneno ya mdomo. Mwaka 1852 aliandika mkataba wa kijana mmoja na seremala, nao ukatiwa sahihi. Seremala alipaswa kumfundisha kazi yake yote, kumlipa, kumwachia Dominika na sikukuu, na kumwonya kwa maneno tu, bila kumpiga. Tena asimtume kazi zisizo za useremala. Siku zile wanagenzi wengi walipigwa na kufanywa watumishi wa nyumbani, kwa hiyo karatasi ile ilikuwa jambo kubwa. Toka mwaka 1853 alianza kufungua karakana nyumbani kwake: viatu na nguo kwanza, halafu vitabu, useremala, upigaji chapa na uhunzi.

Wanasimulia kwamba mwaka 1855 aliomba kuwatembeza vijana wa gereza la Generala, zaidi ya 300, kutwa nzima mpaka Stupinigi, bila askari hata mmoja. Wakubwa walishangaa, lakini waziri Rattazzi alikubali. Walikwenda wakiimba, wakala, wakacheza. Jioni wakahesabiwa mlangoni, na hakuna aliyekosa. Wachunguzi wa historia hawakubaliani juu ya safari hiyo. Waliomjua Don Bosco hawakuona vigumu kuisadiki.

Mwaka 1859 alianzisha chama cha watawa, Wasalesiani, ili kazi isife pamoja naye. Alikufa tarehe 31 Januari 1888. Papa Pio XI alimtangaza mtakatifu mwaka 1934. Padri Cafasso naye akatangazwa mwaka 1947.

Wasalesiani walifika Katanga mwaka 1911, wakashuka Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi. Walifungua shule, na baadaye huko Kafubu, nje ya mji, vijana wa Katanga walishika msumeno na randa, wakajifunza useremala kama wale wa Valdocco.