Machiko Hasegawa, dada aliyemchora Sazae

Wadau, juzi tulikuwa tunabishana hapa kijiweni, nani mwanamke mkali kuliko wote kwenye katuni za Kijapani. Mmoja kamtaja Sailor Moon, mwingine kamtaja yule binti mbwa mwitu wa Princess Mononoke. Mimi nikasema Sazae. Kimya! Hakuna aliyemjua. Sikushangaa sana, maana Sazae hapigani, harushi moto, hana upanga. Ni mama wa nyumbani mwenye nywele zilizokunjwa kiajabu, anatoka mbio kwenda sokoni na kusahau pochi nyumbani. Lakini nyuma yake kuna mtu ambaye leo nataka mumfahamu.

Anaitwa Machiko Hasegawa. Alizaliwa tarehe 30 Januari 1920 mkoa wa Saga, kisiwa cha Kyushu, kusini mwa Japani, akakulia mji wa Fukuoka. Nyumbani walikuwa mabinti watatu, yeye wa katikati. Alikuwa bado binti mdogo baba alipofariki, na mwaka 1934 mama akabeba wanawe wote kwenda Tokyo. Hebu fikiria, mjane na mabinti watatu kwenye jiji lile, miaka ile. Machiko alikuwa anapenda kuchora kupita kiasi, wakampeleka kwa Suiho Tagawa, mchoraji aliyekuwa anatamba na katuni ya Norakuro, mbwa aliyeingia jeshini. Mzee akampokea awe mwanafunzi wake. Mwaka 1935, akiwa na miaka 15, kazi yake ya kwanza ikatoka kwenye jarida la wasichana. Wakati huo kuchora katuni ilikuwa kazi ya wanaume, hata katuni za wasichana zilichorwa na wanaume. Huyu binti kaingia hivyo hivyo.

Vita ikaja. Mwaka 1944 familia ikarudi Fukuoka kukimbia mabomu, naye akapata kazi kwenye gazeti la huko. Vita ikaisha 1945, nchi iko hoi, chakula ni cha kutafuta. Gazeti dogo la jioni pale Fukuoka, Fukunichi, likamwomba katuni ya kila siku, vyumba vinne tu. Basi bwana, yeye alikuwa anatembea ufukweni Momochi, karibu na kwao, na majina yote akayaokota pale pale baharini. Sazae ni aina ya konokono wa baharini. Mdogo wake wa kiume, Katsuo, ni samaki wa jamii ya jodari. Mdogo wa kike, Wakame, ni mwani. Baba, Namihei, jina lake lina mawimbi ndani yake, na mama, Fune, ni mashua. Utadhani mtu kasimama soko la samaki Feri anagawa majina.

Katuni ilianza tarehe 22 Aprili 1946. Sazae wa mwanzo hakuwa na mume. Mume alipatikana kwa sababu ya kuchekesha kweli: Machiko alikuwa anataka kuhamia tena Tokyo, akaona amalize kazi vizuri, akamwozesha. Kumbe ndiyo kwanza mambo yanaanza.

Hapa ndipo ninapompendea. Hakusubiri mchapishaji wa kumwonea huruma. Yeye na dada zake wakaanzisha kampuni yao, wakaiita Shimaisha, maana yake kampuni ya kina dada. Kitabu cha kwanza wakakichapa kwa umbo pana la kulala. Maduka yakashindwa kukipanga, hakikai kwenye rafu, vikarudishwa mizigo kwa mizigo. Wengi wangekata tamaa, au siyo? Wao wakatoa cha pili kwa umbo dogo la kawaida, kikauzika balaa, na kile cha kwanza kikavutwa nacho. Miaka ilivyosonga nakala zikawa makumi ya milioni, na hela ikabaki kwa wenyewe.

Na haki yake aliilinda. Kampuni moja ya mabasi ilikuwa imechora vichwa vya Sazae na wadogo zake ubavuni mwa mabasi yake tangu 1951, bila ruhusa. Machiko akaenda mahakamani, na mwaka 1976 mahakama ya Tokyo ikampa ushindi: sura ya mhusika nayo ina mwenyewe. Sisi tunaochapisha fulana za Tom na Jerry bila kumuuliza mtu, tusijifanye hatujasikia.

Gazeti kubwa la Asahi lilimchukua mwaka 1949, na kuanzia 1951 Sazae akawa kwenye toleo la asubuhi. Fikiria kazi hiyo: kila siku uchekeshe nchi nzima kabla haijanywa chai. Tumbo likamlipua. Mwaka 1967 akafanyiwa upasuaji. Ilikuwa saratani, lakini familia ikamficha, akaambiwa ni vidonda vya tumbo. Mimi hapa nabaki njia panda. Ningekuwa dada yake ningesema? Sijui. Ninachojua ni kwamba baada ya kisu kile aliendelea kuchora miaka mingine, na Sazae akaja kumalizika gazetini tarehe 21 Februari 1974, katuni zaidi ya 6,000. Pembeni alikuwa ameshachora pia bibi kizee mtukutu, Ijiwaru Baasan, anayewatesa watu makusudi. Nadhani ile roho mbaya yote aliyomnyima Sazae aliimalizia huko.

Hakuolewa. Aliyechora familia maarufu kuliko zote Japani aliishi na mama na dada, mbali na kamera.

Televisheni ilianza kumwonyesha Sazae tarehe 5 Oktoba 1969, Jumapili jioni, na mwaka 2013 Guinness wakaiandika kuwa katuni ya televisheni iliyodumu kuliko zote duniani. Wajapani hata wana jina la ule unyonge unaokushika wimbo wake unapoisha na unakumbuka kesho ni Jumatatu. Kama unajiuliza mbona hukuwahi kuiona kwenye vibanda vya CD, ni kwamba haikuuzwa kwenye kanda wala DVD. Vipindi vya zamani vilianza kupatikana mtandaoni mwaka 2018 tu, tena kwa Wajapani.

Machiko alifariki tarehe 27 Mei 1992, moyo, akiwa na miaka 72. Hakutaka makelele, hivyo umma ukaja kuambiwa kama mwezi mmoja baadaye, mazishi yameshapita kimya kimya. Mwaka huo huo serikali ikampa tuzo ya heshima ya taifa, mchora katuni wa kwanza kuipata.

Mtaa wake wa Sakurashinmachi, Tokyo, una makumbusho aliyoyafungua na dada yake mwaka 1985. Mwaka 2012 wakasimamisha pale sanamu za shaba za familia nzima ya Sazae. Mzee Namihei kichwani ana unywele mmoja tu juu ya upara, na wajanja wakaung'oa. Ukarudishwa. Wakaung'oa tena.