Jeff Astle: Mfalme wa vichwa aliyesahau mabao yake

Mashabiki wa West Bromwich Albion walimwita Mfalme. Krosi ikimiminwa ndani ya boksi, mabeki wote walijua nani ataruka, na bado jamaa aliwazidi. Jeff Astle aliifungia klabu hiyo mabao 174 katika mechi 361, mengi kwa kichwa. Kumbe kichwa hichohicho kilichompa jina ndicho kilikuwa kinaumia taratibu, bila mtu kujua.

Alizaliwa Mei 13, 1942 Eastwood, mji wa wachimba makaa ya mawe huko Nottinghamshire, Uingereza. Soka la kulipwa alilianzia Notts County, na Septemba 1964 West Brom ikamnunua kwa pauni 25,000. Enzi hizo hiyo haikuwa hela ya kitoto.

Alizilipa zote. Msimu wa 1967/68 alifunga katika kila raundi ya Kombe la FA hadi fainali. Mei 18, 1968, pale Wembley, West Brom na Everton zilimaliza dakika 90 bila bao. Muda wa nyongeza ulipoanza tu, Astle akapiga shuti, likazuiwa, mpira ukamrudia, akaupeleka wavuni kwa mguu wa kushoto. Bao lake kubwa kuliko yote halikuwa la kichwa! Bao moja, kombe likaenda West Brom. Baada ya fainali hiyo klabu ilifunga safari hadi Afrika Mashariki kwa mechi za kirafiki.

Msimu wa 1969/70 aliibuka mfungaji bora wa Ligi Daraja la Kwanza kwa mabao 25. Timu ya taifa haikumnyookea: mechi tano, bao hakuna. Kwenye Kombe la Dunia la 1970 kule Mexico aliingia kutoka benchi dhidi ya Brazil, akapata nafasi ya wazi ya kusawazisha, akapiga nje. England ikalala 1-0. Waingereza hawakumwachia, naye alijifunza kulicheka kosa hilo pamoja nao.

Wakati wake mastaa hawakustaafu wakiwa matajiri. Alipotundika daluga, Astle alifungua biashara ya kusafisha madirisha, akitumia utani kwamba yeye hakosi kona. Miaka ya 1990 alirudi kwenye televisheni, akiimba katika kipindi cha vichekesho vya soka. Sauti haikuwa nzuri kivile, lakini watu walimpenda.

Halafu mambo yakaanza kubadilika. Akiwa na miaka 55 hivi, mtu yule mcheshi alianza kusahau, akawa na wasiwasi, akapungua siku hadi siku. Madaktari walisema ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Familia yake imesimulia kwamba mwishoni hakukumbuka hata kama aliwahi kucheza mpira. Bao la Wembley lilibaki kwa mashabiki. Kwa mwenyewe lilikuwa limefutika.

Alifariki Januari 19, 2002, nyumbani kwa binti yake, akiwa na miaka 59 tu.

Novemba mwaka huo, ofisa anayechunguza vifo alitoa uamuzi ulioitikisa England: Astle aliuawa na ugonjwa uliotokana na kazi yake. Ubongo wake uliumizwa kidogokidogo na mipira mizito ya ngozi aliyoipiga kwa kichwa miaka nenda rudi, mechini na mazoezini. Si lazima mchezaji aanguke na kuzimia. Vishindo vidogo visivyohesabiwa na mtu navyo hukusanyika.

Chama cha Soka na chama cha wachezaji viliahidi utafiti wa miaka 10. Familia ilisubiri, matokeo hayakutoka. Mwaka 2014 daktari Willie Stewart aliuchunguza upya ubongo wa Astle, akakuta ugonjwa uleule unaowapata mabondia waliopigwa sana vichwani. Mashabiki wa West Brom wakaanza kupiga makofi dakika ya tisa ya kila mechi, kwa heshima ya jezi yake namba 9, wakidai haki. Mwaka 2015 familia ikazindua taasisi yenye jina lake, na binti yake Dawn akawa sauti ya familia nyingi za wanasoka wa zamani.

Mwaka 2019 utafiti wa Stewart na wenzake wa Chuo Kikuu cha Glasgow ulionyesha kuwa wanasoka wa kulipwa wa zamani wa Scotland walikufa kwa maradhi ya kuharibika ubongo mara tatu na nusu zaidi ya watu wengine. Mwaka uliofuata, England, Scotland na Ireland Kaskazini zikazuia watoto wa shule za msingi kupiga vichwa mazoezini. Na tangu 2024 sheria za soka zinaruhusu mashindano kuweka mabadiliko ya ziada kwa mchezaji aliyepata mtikisiko wa ubongo.

Kwa hiyo leo straika akigongwa kichwa, akanyanyuka akiyumba na kudai yuko fiti, kwenye mashindano yaliyoweka utaratibu huo kocha hana tena kisingizio kwamba nafasi za kubadilisha zimeisha. Anatoka, anapimwa. Astle hakupata bahati hiyo. Enzi zake mchezaji alimwagiwa maji, akarudi kusubiri krosi nyingine.