Kidonda cha Bob Marley kitufunze



Naomba nafasi niwakumbushe wananchi habari za marehemu Bob Marley, mwimbaji wa Jamaika aliyezaliwa mwaka 1945 na kutumbuiza katika sherehe za uhuru wa Zimbabwe mwaka 1980.

Mwaka 1977 kidonda cha kidole gumba cha mguu wake wa kulia kilidhaniwa ni jeraha la mpira. Kilipopimwa, kumbe ni melanoma, saratani ya ngozi, chini ya ukucha. Alikataa kukatwa kidole. Saratani ikaenea hadi kwenye ubongo, akafariki Miami tarehe 11 Mei, 1981, akiwa na miaka 36.

Sisi weusi tusijidanganye kwamba ugonjwa huu hautuhusu. Doa jeusi linalokua ukuchani au unyayoni, au kidonda kisichopona, tukipeleke hospitali mapema.

Mwalimu wa kijijini