Mwalimu Kutoka Mji wa Makimbilio: Maisha ya William Henry Jones

Msafiri anayesimama kwenye bandari ya zamani katika Mji wa Kale wa Mombasa na kuelekeza macho ng'ambo ya maji huiona bara ya Kisauni. Huko ndiko ilikokuwa Freretown, makazi ya watumwa waliokombolewa. Kengele yake ingaliko, na wenyeji wanapaita mahali hapo Kengeleni hata leo. Sisi wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili huifahamu Freretown hasa kupitia kwa James Mbotela na kitabu chake Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka 1934. Makala haya yanakusudia kumwangalia mtu wa kizazi kilichomtangulia Mbotela, ambaye wanahistoria wa Kanisa nchini Kenya wanamjua vizuri ilhali sisi wa fasihi tumempuuza: William Henry Jones, mwalimu wa Rabai.

Jones alizaliwa yapata mwaka 1840 miongoni mwa Wayao. Jina tunalomjua nalo, kama msomaji anavyoweza kukisia, si la Kiyao. Ni jina alilovishwa ugenini. Alitekwa angali mtoto, akauzwa, na hatimaye akafika Bombay. Wakati huo manowari za Uingereza zilikuwa zikiwinda majahazi ya watumwa katika Bahari ya Hindi, na watu wengi waliookolewa walishushwa India badala ya kurudishwa kwao. Ndivyo lilivyozaliwa kundi lililokuja kujulikana kwa jina la Waafrika wa Bombay.

Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza, yaani CMS, kilianzisha makao ya watoto hao. Makao yaliyopata sifa zaidi yalikuwa Sharanpur, karibu na mji wa Nashik. Jina hilo lina asili ya Kisanskriti na maana yake ni mji wa makimbilio. Ningependa msomaji alikumbuke, kwa kuwa tutalirudia. Msimamizi wake wa awali alikuwa Isenberg, Mjerumani aliyewahi kufanya kazi na Krapf Uhabeshi kabla Krapf hajafika Mombasa. Baadaye alikuja Price, ambaye tutakutana naye tena.

Mafunzo ya Sharanpur yalikuwa ya aina mbili. Asubuhi na jioni kulikuwa na Biblia, kusoma, kuandika na hesabu. Baina ya hayo kulikuwa na kazi za mikono: wavulana walifundishwa uhunzi na useremala, na wasichana ushonaji na kazi za nyumbani. Jones alijifunza uhunzi. Walimu wake walikusudia kwamba kijana atakayetoka pale arudi Afrika akiwa na nyundo mkono mmoja na kitabu mkono wa pili, naye aweze kuanzisha shule hata mahali pasipokuwa na Mzungu. Vijana wa chuo hichohicho ndio waliofuatana na Livingstone. Mmoja wao, Jacob Wainwright, alisoma ibada ya maziko pale Chitambo mwaka 1873, kisha akausindikiza mwili wa bwana wake hadi London.

Hata hivyo, maandalizi hayo yalikuwa na pengo moja kubwa ambalo, kwa maoni yangu, halijajadiliwa ipasavyo. Watoto walifundishwa kwa Kimarathi na Kiingereza. Waliochukuliwa wadogo walisahau lugha za mama zao, na wengine walitoka katika jamii zenye lugha mbalimbali, wasiwe na lugha moja ya Kiafrika ya kusemezana. Mwalimu aliandaliwa kwa miaka mingi, tena kwa bidii, ili akafundishe watu ambao hakuijua lugha yao. Leo tunapolalamika kwamba vyuo vya ualimu huwatayarisha watu kwa darasa lisilokuwapo, inafaa tukumbuke kwamba ugonjwa huo haukuanza jana.

Mwaka 1864 Jones alitumwa Mombasa pamoja na mwenzake Ishmael Semler na wake zao. Mke wa Jones aliitwa Jemimah, naye pia alikuwa amesomea India. Walitumwa wakamsaidie Rebmann, mmisionari aliyekuwa pwani tangu mwaka 1846 na ambaye kundi lake pale Rabai lilikuwa dogo sana.

Hebu tuutazame mji aliouingia. Katika Mombasa ya wakati ule neno mwalimu lilikuwa na maana yake kamili. Mwalimu alikuwa mtu wa chuoni, mwenye kuwasomesha watoto Kurani, mwenye kuandika kwa herufi za Kiarabu, na mara nyingi mwenye kuzijua tungo. Muyaka bin Haji alikuwa amekwisha kufariki, lakini mashairi yake yalikuwa yangali vinywani mwa watu. Aliyekuja kuyakusanya baadaye, akimsaidia mmisionari Taylor, alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Katika mji wa namna hiyo, uliomtambua mtu kwa ukoo na uungwana wake, anashuka chomboni mtu mweusi mwenye jina la Kiingereza na mavazi ya Kizungu, mhunzi, mtumwa wa zamani, hasemi Kimvita, naye anasema kuwa ni mwalimu. Wenye mji walimweka wapi? Wamisionari nao walimweka wapi? Maswali hayo mawili yalimwandama Jones maisha yake yote. La kwanza alilijibu kwa kujifunza lugha. La pili halikuwa mikononi mwake.

Mambo yalibadilika baada ya mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Sir Bartle Frere, aliyetumwa Unguja kwa shughuli hiyo, alikuwa amepata kuwa gavana wa Bombay na aliijua Sharanpur. Alishauri yaanzishwe makazi kama hayo pwani ya Afrika. Price alifika Mombasa mwishoni mwa mwaka 1874, ardhi ikanunuliwa Kisauni, na makazi yakapewa jina la Frere. Waafrika wa Bombay wapatao 150 walikusanyika huko. Ndio waliokuwa walimu, makatekista, mafundi na wakalimani. Bila wao Freretown isingesimama hata mwaka mmoja, kwa maana mateka walioshushwa na manowari hawakujua Kiingereza na Wazungu waliofika hawakujua Kiswahili.

Hata hivyo, waliobeba mzigo hawakuheshimiwa kwa kiasi cha mzigo wenyewe. Waafrika wa Bombay walilalamikia mishahara na kutendewa kama watoto. Msimamizi mmoja wa Freretown, Streeter, alizoea kuwachapa watu viboko hata habari zikafika kwa balozi mdogo wa Uingereza Unguja. Uchunguzi ulifanywa, naye akaondoka mwanzoni mwa miaka ya 1880.

Askofu Hannington aliwasili Januari 1885. Tarehe 31 Mei mwaka huohuo aliwabariki Jones na Semler kuwa mashemasi. Miezi miwili baadaye alianza safari ya kwenda Uganda kwa kuikata nchi ya Wamaasai, akiwa na wapagazi wapatao 200, na Jones akawa msaidizi wake. Walipofika Kwa Sundu, eneo la Mumias ya leo, Hannington aliamua kuendelea na watu 50 tu, akamwachia Jones wengine wote na mizigo. Tarehe 29 Oktoba askofu aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, pamoja na wengi wa wapagazi aliokuwa nao. Wachache walionusurika walirudi kwa Jones na habari hiyo.

Jones alikaa akingoja, asijue kama askofu amekufa kweli ama amefungwa. Alipokata tamaa, aliwarudisha watu wake pwani, safari ya karibu miezi miwili, akiwa kiongozi wao peke yake. Waliingia Rabai tarehe 4 Februari 1886 wakiwa wametangulizwa na bendera ya buluu iliyoandikwa kwa herufi nyeupe neno Ikabodi, jina la yule mtoto katika kitabu cha Samweli aliyezaliwa siku ya msiba, lenye maana ya kuondokewa na utukufu. Vitabu vingi vya historia humtaja Jones katika kisa hiki tu, kisha humwacha. Mimi naona kwamba kisa chake kikubwa kilikuwa hakijafikia kilele.

Inafaa ieleweke kwamba mkataba wa 1873 ulizuia kuuza watumwa kwa njia ya bahari. Haukuwaweka huru waliokuwa mashambani. Mombasa, Takaungu na Malindi ziliendelea kulimwa na watumwa, na utumwa ulikuwa halali kisheria. Watumwa waliotoroka walikimbilia penye misheni. Wamiliki walipotishia kuvishambulia vituo mwaka 1880, wamisionari waliahidi kutowapokea watoro. Kwa hiyo sheria ya Rabai ilikuwa kwamba mtoro afukuzwe mlangoni.

Mlangoni penyewe alikuwapo nani? Katika miaka mingi ya muongo huo, mtu aliyewafahamu watu wa Rabai, aliyewafundisha na kuwazika, alikuwa Jones. Rabai ikazidi kujaa. Hesabu ilipofanywa mwaka 1888, watoro wapatao 1,400 walionekana kuishi katika vituo vya misheni vya jirani na Mombasa, na zaidi ya 900 kati yao walikuwa wa CMS. Si rahisi kuamini kwamba mwalimu wao hakujua walikotoka. Ninavyoelewa mimi, kijana wa mji wa makimbilio alipewa amri ya kuwafungia wengine makimbilio, naye akashindwa kuitii kwa moyo mmoja. Alipaswa kuchagua kati ya kiapo cha wakubwa wake na watu waliokuja usiku wakiwa katika hali ileile aliyokuwa nayo yeye utotoni.

Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alipofika Mombasa Oktoba 1888, aliwakuta wenye watumwa wamekasirika na vita vinanukia. Aliamua kuwalipa wamiliki riale 25 kwa kila kichwa. Fedha zilitoka kwa Kampuni, kwa serikali ya Uingereza na kwa wafadhili wa misheni. Tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru ziligawiwa pale Rabai. Lawama nazo ziligawiwa. Rabai ilionekana na baadhi ya wamisionari kuwa ushahidi kwamba Mwafrika asiachiwe kituo peke yake. Ni ajabu kwamba jambo ambalo Uingereza ililishangilia kama ukombozi liligeuzwa kuwa dosari ya mtu aliyewahifadhi waliokombolewa.

Jones alipata upadre mwaka 1895, miaka 10 baada ya ushemasi. Kufikia hapo wamisionari wapya vijana walikuwa wakimiminika pwani, wengi wao wakiwa na elimu ya lugha ndogo kuliko yake na mamlaka makubwa kuliko yake. Karibu na mwisho wa karne aliacha kazi ya CMS akipinga namna watumishi Waafrika walivyotendewa. Hakuhama dini wala hakuanzisha kanisa la kwake. Alijiondoa tu, na kwa mtu wa umri wake, asiye na ukoo wala shamba la urithi pwani, hatua hiyo haikuwa ndogo.

Mwaka 1903 kilianzishwa Freretown chuo cha kuwaandaa Waafrika kwa huduma, ambacho mwaka 1930 kilihamishiwa Limuru na leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Jones alifariki mwaka 1904. Hali ya utumwa iliondolewa katika sheria za Mombasa na pwani yake mwaka 1907.