Jenerali China na Deni la Aliyepona

Oktoba 1944, Japani ilianza kuwatuma marubani waangukie meli za adui na kufa nazo. Waliopona walibaki na swali zito: yafaa nini kuishi baada ya kuagizwa kufa?

Swali hilo lilimfika pia Mkenya aliyepigana na Wajapani huko Burma. Waruhiu Itote, mzaliwa wa Nyeri mwaka 1922, alijiunga na KAR mwaka 1942, kama walivyofanya vijana wengi wa Kisumu na ufuko wa Ziwa Victoria. Aliporudi hakuukuta uhuru. Akaingia Mau Mau, akaongoza wapiganaji wa Mlima Kenya kwa jina la Jenerali China. Januari 1954 alikamatwa, akahukumiwa kifo. Aliokoka kwa kukubali kuwashawishi wenzake wajisalimishe, na wako waliomwona msaliti.

Lakini aliyebaki hai alipata kuitumikia nchi: baada ya uhuru alikuwa miongoni mwa viongozi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa, hadi akaandika kumbukumbu zake. Alifariki 1993.

Walimu wa Kisumu, msiwafundishe watoto kwamba shujaa ni maiti tu. Waulizeni pia habari za babu zao waliorudi kutoka Burma wakanyamaza.