Abdul-Latif al-Baghdadi, Mwanachuoni Aliyeitazama Mifupa

Wamo katika vijana wetu wa pwani wanaosoma leo katika vyuo vya uuguzi na vya tiba ya viungo. Jambo la mwanzo wanalotakiwa kulijua ni mifupa ya mikono, ya miguu na ya mgongo, mmoja mmoja, kwa jina lake na mahali pake. Tumewasikia baadhi ya wazee wakisema kuwa ilimu hii si yetu, na kuwa kijana wa Kiislamu aishikaye mifupa amejitia katika jambo lisilomhusu. Kwa hivyo twaona yafaa kuwakumbusha wasomaji wetu maisha ya mtu ambaye hapana awezaye kumtoa katika jamii ya maulamaa.

Mtu huyo ni Muwaffaq-ud-Din Abdul-Latif bin Yusuf. Alizaliwa Baghdad mwaka 557 wa Hijra, nao ni 1162 wa Miladi. Tangu udogoni alisomeshwa Kurani, Hadithi, Fiqhi na Nahau, akahifadhi vitabu vingi kwa moyo. Kisha akaingia katika hikima na utabibu. Katika ujana wake alivutwa na ilimu ya kugeuza madini kuwa dhahabu, kama walivyovutwa wengi wa zama zake. Walakini alipoipima aliiona ni batili, akaiacha, na baadaye akaandika kuwaonya watu nayo.

Mwaka 585 alitoka Baghdad kutafuta ilimu. Alikwenda Mosul, kisha Damascus, kisha Misri. Sultani Salahud-Din alimhishimu, akamwekea posho ya dinari 30 kwa mwezi, na wanawe wakamzidishia. Alipokaa Cairo alikuwa akisomesha katika msikiti wa Azhar asubuhi. Mchana humjia wanafunzi wa utabibu, jioni hurejea Azhar kusomesha wengine, na usiku akasoma mwenyewe. Basi atazame msomaji: ilimu ya dini na ilimu ya mwili zilikaa katika kifua kimoja na katika siku moja, wala moja haikuifukuza ya pili.

Mto Nili haukujaa kwa kadiri ya ada yake, na mwaka 597 Misri ikaingiwa na njaa iliyoendelea hata mwaka wa pili, yaani baina ya 1200 na 1202 wa Miladi. Watu walikula mizoga, kisha wakafikia kulana wenyewe kwa wenyewe. Maiti walikuwa wengi kuliko wazikaji. Abdul-Latif aliyaona hayo kwa macho yake, akayaandika katika kitabu chake cha habari za Misri.

Siku hizo wanafunzi wake walikuwa wakisoma naye kitabu cha Jalinus, tabibu wa Kiyunani, juu ya viungo vya mwili, na maneno yakawawia mazito, kwani maneno hayafiki pale lifikapo jicho. Wakapata habari ya kilima huko Maqs, karibu na Cairo, kilichojaa mifupa ya waliokufa. Wakaenda naye. Hawakumchimbua mtu kaburini wala hawakumkata; waliitazama mifupa iliyokwisha kuwa wazi, namna ilivyo na namna inavyoungana katika viungo vyake, wakafahamu katika muda mchache yale waliyoshindwa kuyafahamu vitabuni.

Jalinus alikuwa amesema kuwa taya la chini ni mifupa miwili iliyounganishwa. Abdul-Latif akatazama, akaona ni mfupa mmoja usio na kiungo. Hakutosheka na fuvu moja. Alitazama mengi mno, kisha akawataka na wengine watazame, naye yupo na hayupo, wote wakaona alivyoona. Ama mfupa wa chini ya mgongo pamoja na kifandugu, Jalinus aliuhisabu kuwa ni mifupa sita. Yeye katika baadhi ya maiti aliuona ni mmoja, na katika wengine akauona umegawanyika kama alivyosema Jalinus. Basi akasema wazi kuwa katika hili hana yakini kama ile aliyo nayo katika taya.

Tahadhari yake ilikuwa mahali pake. Matabibu wa leo wajua kuwa mfupa ule ni pingili 5 zilizo mbalimbali kwa mtoto, kisha hushikana kidogo kidogo hata zikawa kitu kimoja kwa mtu mzima. Huo ndio uupokeao uzito wa kiwiliwili na kuupeleka nyongani, na kutoka hapo miguuni. Na Jalinus sehemu kubwa alipasua wanyama, na wanyama wengi mataya yao hayashikani kama ya binadamu.

Abdul-Latif hakumtukana Jalinus. Alimkiri kuwa ni mtu wa uangalifu mkubwa, ila akaona ushahidi wa macho ni wa kweli zaidi kuliko neno la mkubwa yeyote. Huku ndiko kuacha kufuata kwa upofu: kumhishimu aliyetangulia, na kutoificha haki inapodhihiri. Wala asidhani kijana kuwa amepewa ruhusa ya kuwadharau walimu, kwani mwanachuoni huyu huyu aliwausia wanafunzi wasichukue ilimu vitabuni peke yake bila ya mwalimu, hata wakijiona wana fahamu.

Baada ya Misri alisomesha Baytul-Maqdis, Damascus na Aleppo. Mwishowe alitoka kwenda kuhiji kwa njia ya Baghdad. Akaugua huko, akafariki mwaka 629, yaani 1231, akazikwa karibu na baba yake.

Enyi wazee, mtoto wenu anaposoma mifupa ya mgongo ili kesho amsimamishe mgonjwa aliyelala, msimvunje moyo. Nanyi vijana, ishikeni mifupa hiyo kwa hishima, kwani ilikuwa ya binadamu kama ninyi. Mwenyezi Mungu amrehemu Abdul-Latif, na atupe sisi taufiki ya kuifuata haki popote tuionapo. Amin.