Ibn al-Haytham, Mwanachuoni wa Macho



Katika toleo hili tumeona tuwaletee habari za Abu Ali al-Hasan ibn al-Hasan ibn al-Haytham, ambaye Wazungu walimwita Alhazen. Alizaliwa Basra, nchini Iraq, mnamo mwaka 354 Hijria, sawa na 965 Miladia. Wengi wetu tunajua tu kwamba ni Muislamu aliyeandika juu ya mwanga. Lililo kubwa zaidi halisemwi sana: alieleza kwamba jicho peke yake halitoshi kuona, na kwamba akili hutoa hukumu haraka kabla ya mtu kujua kuwa amehukumu.

Tuanze na kosa lake. Inasimuliwa kwamba akiwa Basra alidai kuwa lau angekuwa Misri angeweza kuyatawala maji ya mto Nile, yafae yakizidi na yakipungua. Habari ikamfikia mtawala wa Kifatimi, al-Hakim, naye akamwita Cairo akampa watu na mali. Ibn al-Haytham akapanda na mto mpaka karibu na Aswan. Njiani akaona majengo ya Wamisri wa kale yaliyopimwa kwa ufundi mkubwa, akatambua kwamba kama jambo lile lingewezekana, watu wenye elimu namna ile wangekwisha kulifanya. Alipofika mahali penyewe akakuta si kama alivyodhania, akarudi kukiri kuwa amekosea. Kukiri mbele ya al-Hakim si jambo dogo, maana alikuwa mtu wa kuua kwa sababu ndogo. Husemwa kwamba kwa hofu alijifanya mwendawazimu, akafungiwa nyumbani mpaka mtawala yule alipotoweka mwaka 411 (1021). Wapo wanahistoria wanaokitilia shaka kisa cha wazimu, lakini ndicho kinachojulikana sana.

Baadaye aliishi karibu na msikiti wa Al-Azhar, akijipatia riziki kwa kunakili vitabu vya hesabu. Kitabu chake mashuhuri ni Kitab al-Manazir, chenye juzuu 7. Kabla yake baadhi ya Wagiriki walifikiri kwamba jicho ndilo linalotoa miali kwenda kwenye vitu. Yeye alisema mwanga ndio unaoingia machoni, na ushahidi mmojawapo ni kwamba jicho huumia likitazama jua.

Hapo likazuka swali gumu. Ikiwa jicho linapokea mwanga na rangi tu, tunajuaje kwamba kile kule ni farasi, kwamba kiko mbali, kwamba ni kikubwa? Alijibu kwa mfano ambao kila mtoto wa madrasa ataufahamu. Anayejua kusoma akiliona neno abjad hasomi alifu, kisha ba, kisha jimu. Hulitambua mara moja kwa umbo lake, kwa kuwa amelizoea. Asiyelizoea hulisoma herufi moja moja. Tena akasema, mpe mtoto matofaa mawili, moja zuri kuliko jingine, atachagua lile zuri. Amelinganisha na kuhukumu, wala hajui kama amefanya hivyo.

Hukumu hii ya haraka ndiyo inayotupoteza pia. Sisi wa Nzega tunaona mwezi wa tarehe 14 ukichomoza nyuma ya mibuyu, mkubwa kama ungo, na usiku wa manane utosini umekuwa mdogo. Ibn al-Haytham alieleza kwamba mwezi haubadiliki. Ardhi na vitu vilivyo katikati hutufanya tuudhanie uko mbali zaidi, basi akili huukuza. Wataalamu wangali wanabishana juu ya jambo hili hadi leo. Mwanafunzi ajaribu mwenyewe: anyooshe mkono, aufunike mwezi kwa ncha ya kidole kidogo. Utafunikwa sawasawa mara zote mbili. Na yale mazigazi ya barabara ya Tabora wakati wa kiangazi, ambayo akili huyaita maji, nani hajawahi kuyaona? Tusisahau pia wanaotazama mwandamo. Mmoja akisema yule pale, wengine nao huanza kuuona mahali penye ukingo wa wingu tu.

Karne nyingi baadaye, katika miaka ya 1860, mtaalamu wa Ujerumani Hermann von Helmholtz aliandika kwamba kuona ni kukisia bila kujitambua. Mwaka 1999 Rajesh Rao na Dana Ballard walionyesha kwa hesabu jinsi ubongo unavyoweza kutabiri kitakacholetwa na macho, na macho yakaleta tu tofauti kati ya utabiri na kilichopo. Tusimsingizie mzee wetu kwamba alisema yote haya. Yeye alizungumzia hukumu na mazoea. Hakuijua mishipa ya ubongo kama ijulikanavyo sasa.

Wanafalsafa wa leo wanauliza: kama tunaona makisio yetu, je, ulimwengu wenyewe tunauona? Wengine wanafika mpaka kusema kwamba kuona ni njozi iliyotiwa hatamu. Ibn al-Haytham hakwenda huko. Alitenganisha kutupa jicho na kutazama kwa taamuli, yaani kurudia sehemu moja moja mpaka hukumu ya kwanza ithibitike au ivunjike. Walimu wetu wanalijua jambo hili. Mtoto aliyehifadhi sura husoma kwa mazoea, akifika mahali aya mbili zinapofanana anahamia sura nyingine huku macho yake yako kwenye msahafu. Herufi zipo, ila amesoma alichotarajia. Ndiyo maana mwalimu humrudisha aweke kidole.

Alifariki Cairo mnamo mwaka 430 (takriban 1040), Mwenyezi Mungu amrehemu. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kilatini kiasi cha mwaka 1200, kikachapwa Basel mwaka 1572. Na huko mwezini, karibu na ukingo wake wa mashariki, lipo shimo kubwa lililopewa jina la Alhazen.